Mwaka Niliowapikia Mbwa

Mama Habiba alizikwa Kajiado siku hiyohiyo aliyokata roho, kama ilivyo desturi ya dini yao, na habari ikanifikia wakati udongo umekwisha kusawazishwa. Nilienda siku ya tatu kutoa pole. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, viatu vyao vimejaa mlangoni mpaka nikakosa pa kuweka vyangu, na chai ya maziwa yenye iliki ilikuwa ikizunguka kwa birika kubwa. Habiba mwenyewe ndiye aliyekuwa akimimina. Mwaka ninaotaka kuueleza alikuwa mtoto wa darasa la pili, akitafuna ncha ya shungi lake siku nzima. Sasa ana mabinti wawili wanaomzidi urefu. Alinishika mkono, akalia kidogo, akajifuta, kisha akawaita wale mabinti waje wanisalimie. "Anti," akaniambia mbele yao, "hawa wananiona mwongo. Si ni ukweli ulikuwa unapikia mbwa, na ulikuwa unakaa kwa ploti yetu?" Wasichana wakafunika midomo kwa mitandio. Nikajibu kwamba ni kweli kabisa, niliwapikia mbwa thelathini kwa mwaka mzima, na aliyenifundisha sehemu ngumu ya upishi ule alikuwa nyanya yao. Mama mmoja mzee aliyekuwa pembeni akaweka kikombe chini, akasema, "Hebu sema vizuri." Nikasema. Lakini nilisema kwa haraka, kama mtu anavyosema msibani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuisema tena bila haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ulikuwa ule ukame uliotupokea tulipoingia miaka ya elfu mbili. Nilikuja Kitengela nikitafuta kazi kwenye mashamba ya maua, nikakuta milango imefungwa. Mtu akanielekeza kwa Mutiso, sajini mstaafu aliyekuwa na kampuni ndogo ya ulinzi yenye mbwa, na mabanda yake yalikuwa nje ya mji, kwenye tambarare ambako upepo hauna wa kuuzuia. Ofisi yake ilikuwa kontena la chuma lenye meza moja na kalenda ya mwaka uliopita. Aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kupikia watu thelathini?" Nikasema naweza. "Basi si watu," akasema, bila kucheka, akanirushia funguo za stoo. Nyumbani niliandika kwamba nimepata kazi ya upishi katika kampuni. Hapo hapakuwa na uongo wowote, ila sikuandika wanaokula ni nani. Leo, watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema natengeneza chakula cha mbwa, na nasema kwa sauti ileile ambayo mwingine angesema yeye ni mwalimu. Sauti hiyo sikuzaliwa nayo. Niliipata mwaka ule.

Chumba nilipanga mtaa wa Noonkopir, palepale Kitengela, kwa Mama Habiba. Vilikuwa vyumba sita vya mabati vilivyozunguka uwanja mdogo, sakafu ya saruji nyekundu, dirisha langu likitazama kamba ya nguo na choo. Jioni ubani ulikuwa ukitoka mlangoni kwake na kuchanganyika na harufu ya sukuma wiki za wapangaji wengine. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye bucha karibu na soko, na alizungumza polepole, kila neno akilikata kama anavyokata nyama. Siku ya kwanza aliponiuliza kazi yangu nikamwambia ukweli, maana nguo zangu zingeniumbua. "Mimi sina shida na wewe," akasema. "Lakini mbwa na nguo ya kuswalia haikai pamoja. Ndoo ya maji itakuwa hapa langoni. Unaosha mikono, unaosha miguu, nguo ya kazi unaacha kwa hiyo stoo ndogo, halafu unaingia kama mtu." Hilo neno, kama mtu, lilinichoma wiki nzima. Nilinawa pale langoni huku nimekunja uso, wapangaji wakinitazama. Lakini baridi ya Julai ilipoingia, nilikuta maji ya ndoo yamepashwa moto. Nilisimama pale miguu ikifuka mvuke, nikaona kwamba yule mama hakuwa amenitenga. Alikuwa amenitafutia njia ya kuingia.

Jiko la mbwa lilikuwa banda lisilo na ukuta upande mmoja, pipa lililokatwa nusu juu ya vyuma, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Kazi ilikuwa rahisi: chemsha mifupa, mwaga unga wa magunia, songa, poza, gawa. Aliyenipokea pale ni Mzee Parsaloi, mkuu wa mbwa, Mmaasai aliyewahi kufunza mbwa wa polisi. Kila asubuhi alinisalimia "Takwenya, entito ai," yaani msichana wangu, na nilipojifunza kuitikia "Iko" alifurahi kana kwamba nimefaulu mtihani. Aliwajua mbwa wote kwa kikohozi. Yeye ndiye aliyenionyesha Kanali, dume mzee aliyekuwa akimpeleka mbwa mgeni kwenye sufuria kabla yeye mwenyewe hajala, na Duma, jike mchanga mwenye masikio makubwa kuliko akili. Ng'ombe wake Parsaloi walikuwa wakifa huko Kaputiei. Alikuwa akisimama kando ya pipa langu, akitazama mifupa ikichemka, na siku moja akasema taratibu, bila hasira, "Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi, na hawa wanakula supu. Lakini si makosa ya mbwa." Kisha akachukua karai na kwenda kuwagawia, mmoja mmoja, kwa majina.

Mwezi wangu wa tatu kazini magunia mapya yalikuja. Nilipofungua la kwanza, vumbi lilinipanda puani likiwa na harufu ya nyumba iliyofungwa. Unga ulikuwa na madonge ya kijani kwa ndani. Nilienda kwenye kontena na donge mkononi. Mutiso hakuinua kichwa. "Hiyo ni unga ya mbwa, si ya chapati," akasema. "Pika." Nilipika. Hilo nimelibeba miaka yote hii: nilijua, na nilipika, kwa sababu nilikuwa mgeni na kazi ilikuwa moja. Wiki ya pili mbwa walianza kusukuma chakula kwa pua. Wiki ya tatu walitapika, na Parsaloi akanionyesha fizi za Kanali, zilivyogeuka rangi ya manjano kama embe. Kanali alikufa asubuhi ya Jumanne, kichwa chake juu ya kiatu cha Parsaloi. Mbwa wawili wakamfuata kabla ya Ijumaa. Mutiso alikuja jikoni, akapiga teke pipa langu, akasema mbele ya askari wote kwamba nimewaua mbwa wake kwa uchafu, kwamba siwezi kuosha sufuria, na jioni hiyo nirudishe funguo.

Sijui nguvu ya kusema niliitoa wapi. Labda ni ile aibu ya kuwa nilijua na nikanyamaza. Nilimwambia, "Bosi, siondoki mpaka daktari wa mifugo aangalie hiyo gunia. Akisema ni mimi, nitaenda bila kudai hata siku moja." Parsaloi akasimama kando yangu. Daktari alitoka Kajiado na pikipiki yenye vumbi, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwapima mbwa watatu wagonjwa, akaomba kuonyeshwa stoo, akaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, aliunusa, akageukia Mutiso. "Hii mahindi imeoza kabla ya kusagwa. Hii ukungu inakula ini. Hata kuku usipatie. Choma yote." Mutiso alivua kofia, akaivaa tena. Hakuniomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine, lakini hakuzungumzia tena funguo. Tuliyachoma magunia kumi na tisa shimoni, moshi ukaenda chini chini kuelekea Athi River.

Kabla daktari hajaondoka nilimkamata kwenye pikipiki. Nilimuuliza, kama si magunia, mbwa anafaa kula nini hasa. Alishangaa kidogo, halafu akazima injini. Aliniandikia nyuma ya karatasi ya dawa: nyama au samaki, nafaka safi, mboga, mafuta kidogo, na maganda ya mayai yaliyosagwa kwa ajili ya mifupa. Chini akapiga mstari mara mbili: hakuna kitunguu, hakuna chumvi ya kumwaga, na mfupa uliopikwa usimpe, unavunjika kama kioo tumboni. Nilikwenda na karatasi hiyo hadi kwenye kontena. Nilimwambia Mutiso kwamba naweza kutengeneza chakula cha mbwa mwenyewe, kikavu, cha kukaa kwenye mkebe bila kuharibika. Hapo alisikiliza, maana ugali wa mbwa ulikuwa ukichacha kwenye mikebe ambayo askari waliwabebea mbwa kazini, kabla ya zamu kwisha, na wateja wake walikuwa wakilalamika harufu malangoni mwao. "Nani amekufundisha?" akauliza. Nikamwambia bado, lakini nitajua. Akanipa mwezi mmoja.

Viungo havikuwa shida. Mahindi nilichagua mwenyewe, punje kwa punje, nikaenda nayo kwenye posho mill na kusimama pale mpaka yakasagwa. Nilitafuta omena, wale dagaa wa ziwani, viazi vitamu, karoti zilizovunjika ambazo watu wa soko hawazitaki, na mchicha. Maganda ya mayai niliyaomba kwenye vibanda vya chapati. Nyama ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu bucha pekee niliyoijua ilikuwa ya Mama Habiba. Nilimngoja amalize sala ya alasiri, nikamuuliza kama mapafu na vipande ambavyo haviuziki anavitupa. "Nani anauliza, wewe au mbwa?" akasema. Nikajibu ni mbwa. Aliwaza, mkono kwenye shavu. "Kulisha mnyama mwenye njaa si dhambi," akasema mwishowe. "Dhambi ni kumfunga na kumnyima." Alinipa ndoo yenye kifuniko, akaipaka rangi nyekundu ili isirudi buchani kwa makosa, na kila asubuhi niliikuta nje ya lango imejaa.

Kikavu ndicho kilichonishinda. Fundi wa mabati alinikatia pipa, akaweka rafu tatu ndani, makaa chini na makaa juu. Nilichemsha mapafu, nikayatwanga na omena kwenye kinu, nikachanganya na unga, viazi na mboga, nikakanda kama ninavyokanda chapati, nikasukuma, nikakata vipande vya mraba, nikaoka. Vilitoka vyeusi kwa nje, vinanukia vizuri ajabu. Nilijaza gunia zima nikaliweka stoo kwa majivuno. Siku ya nne nilifungua nikakuta nywele nyeupe zimeota juu ya kila kipande. Ukungu uleule, sasa wa mikono yangu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Kisha nikalimwaga lote shimoni na kwenda kumwambia Mutiso mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. "Umebakisha siku kumi na nane," akasema. Nikasema naweza kuhesabu.

Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa kizingitini mwa chumba changu, sina hamu ya chochote. Mama Habiba alikuwa ametandika mkeka uwanjani akitayarisha nyirinyiri, ile nyama kavu ambayo watu wake huibeba safarini. Kaka yake alikuwa anaelekea Garissa kutafuta mbuzi. Nyama ilikuwa imening'inia kwenye kamba tangu juzi, mistari myembamba iliyokwisha kuwa myeusi, naye alikuwa akiikata vipande vidogo kama punje za mahindi kabla ya kuikaanga. Habiba alikuwa akiiba vipande, akipigwa mkono, akiiba tena. Niliuliza, kwa kuuliza tu, hiyo nyama inakaa muda gani. "Mwaka," akasema. Nikacheka. Hakucheka. "Wewe unafikiri ni moto inakausha nyama. Moto ni haraka, inafunga mlango nje, maji inabaki ndani imejificha. Halafu inaoza kwa siri." Akainua kisu. "Kwanza upepo. Halafu unakata kidogo, maji ikose pa kujificha. Halafu moto kidogo, kidogo sana, na wewe unakaa hapo. Ukienda kupiga story, imeharibika." Nilisogea mkekani. Nikaomba kisu. Nilikata naye mpaka jua likaegemea, na kila nilipokata kipande kikubwa alinirudishia bila kusema.

Kesho yake nilianza upya. Mapafu niliyachemsha, nikayakata membamba, nikayaanika kwenye wavu penye upepo wa tambarare, nikaufunika kwa chandarua kuzuia nzi, mpaka yakawa magumu kama ngozi ya kiatu, ndipo nikayatwanga. Omena niliikausha kwenye sufuria bila mafuta. Unga niliukanda na maji machache kiasi kwamba mikono iliniuma. Nilisukuma kwa wembamba wa sarafu, nikakata vipande vidogo kama njugu, nikaoka mara ya kwanza, nikavitandaza vipoe, kisha nikavirudisha juu ya makaa yanayokufa, taratibu, nimekaa kwenye kibao mbele ya pipa kama mtu anayelinda mgonjwa. Kipande kizuri ukikivunja kinalia. Kisicholia kinarudi ndani. Nilijaza gunia, nikangoja siku ya nne, ya saba, ya kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili nilimwaga gunia lote juu ya meza ya Mutiso, kwenye karatasi zake, akavichambua kwa kidole mpaka chini. Havikuwa na doa. Parsaloi alichukua kiganja kimoja akampelekea Duma, ambaye tangu ugonjwa ule alikuwa akila kwa kulazimishwa. Duma alinusa, akatafuna kimoja, halafu akaweka miguu yote miwili ya mbele juu ya kifua cha mzee. "Ashe," akasema Parsaloi. Sikujua kama asante hiyo ni yangu au ya mbwa.

Nilijua lazima nimwambie Mama Habiba. Ilinichukua wiki tatu, maana niliona ni kama nimechukua kitu cha ukoo wake nikakipeleka mahali ambapo hangependa. Nilimwambia jioni moja nikiwa nimekwisha kunawa, nimesimama. Aliweka chini uzi wa kushonea. "Kwa hivyo mbwa wa Mutiso wanakula nyirinyiri ya mama yangu," akasema. Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Uso wake haukuonyesha lolote. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akaondoa mtandio kufuta machozi, akaita wapangaji waje wasikie. Lakini walipokwisha kwenda akaniambia jambo ambalo sikuwaambia wanawake pale msibani. Alisema, "Mimi nimefundisha wasichana wengi hiyo kazi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wewe uliuliza."

Ningependa hadithi iishie hapo, na mara nyingi nikisimulia naiishia hapo. Lakini kilichonifanya niwe mtu mzima mwaka ule kilikuja baadaye, na kilihusu njaa ya watu. Mnamo Oktoba mbwa wote walikuwa wakinawiri, manyoya yanang'aa, isipokuwa Duma. Alikuwa akipewa kipimo kilekile kama wenzake kwenye mkebe wake wa zamu, na mbavu zilikuwa zikihesabika. Mutiso aliniita akanionyesha kwa fimbo. "Chakula yako imeanza kuchoka," akasema. Nilimkagua Duma minyoo, nikamwangalia meno, fizi, kinyesi. Hakuwa na ugonjwa. Askari aliyekwenda naye zamu alikuwa Wafula, mtu wa kwetu magharibi, kijana mpole aliyeniita dada na kunitania kwamba mimi Nasimiyu nilizaliwa kiangazi, kama jina lisemavyo kwa lugha yetu, ndiyo maana nimekuja na ukame, na yeye Wafula ni wa mvua, kwa hiyo nimwachie anga kidogo. Alimpenda Duma waziwazi. Alimchana nywele kwa kitana chake mwenyewe.

Asubuhi moja, lori limerudisha askari na mbwa kutoka zamu, nilikuwa ndani ya stoo nikipanga magunia. Wao walikuwa nyuma ya ukuta wa mabati wakiosha mikebe. Nikasikia mmoja akisema, "Ya jana ilikuwa na omena mingi. Ilinikaa tumboni vizuri." Mwingine akajibu, "Mimi napenda ile iko na viazi tamu. Unaloweka kwa chai tu." Wakacheka kicheko kifupi, kile cha watu wanaojichekea wenyewe kabla ya kuchekwa. Kisha nikasikia sauti ya Wafula, na hakuwa akicheka. "Mimi nampatia Duma nusu. Wallahi nusu kamili, nahesabu moja yake, moja yangu. Lakini naona anaisha." Nilikaa na gunia mikononi, sikulitua. Nilikuwa nimepika chakula hicho kwa usafi wa hali ya juu, nikijivunia kwamba hata binadamu angeweza kukila. Sikuwa nimewaza kwamba binadamu alikuwa akikila.

Nilimngoja Wafula abaki peke yake. Hakukana. Alikalia ndoo, akatazama viatu vyake. "Dada, mimi nikitoka hapa saa kumi na moja nimekunywa chai. Nikirudi asubuhi nakunywa chai. Katikati iko Duma na mkebe yake. Mshahara inaenda nyumbani yote, huko pia mvua imekataa. Utanisema?" Nilimwambia sijui. Huo ndio ukweli, sikujua. Nikinyamaza, chakula changu kingeonekana kibovu, na mimi nilikwisha kunyamaza mara moja nikamzika Kanali. Nikitaja jina, Wafula angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na kesho yake angekuja mwingine na njaa yake mwenyewe. Nilikwenda na mawazo hayo hadi Noonkopir na kurudi nayo, na asubuhi niliingia kwenye kontena nikiwa nimevaa aproni safi na mkebe wa Duma mkononi.

"Duma anakonda kwa sababu anakula nusu," nikamwambia Mutiso. Akauliza nusu nyingine inakwenda wapi. Nikamwambia inaliwa na mtu mwenye njaa. "Jina," akasema. Nikasema jina sitoi. Alisimama, na alikuwa mtu mkubwa. "Msichana, hii ni kampuni yangu. Nipatie jina, ama vua hiyo aproni." Niliivua. Niliikunja mara mbili nikaiweka mezani, funguo juu yake, mkebe kando. Mpaka leo najivunia hilo kuliko vyeti vyote nilivyotundika ukutani baadaye. Nikamwambia, "Bosi, unaweza kufukuza mmoja, lakini si mmoja tu. Unatuma mtu kulinda mali ya watu na tumbo tupu, halafu unamshikisha mkebe ya nyama. Hata wewe ungekula."

Upepo ulikuwa ukipiga kontena. Mutiso akakaa, akafungua mkebe, akachukua kipande kimoja, akakinusa kama mbwa anavyonusa, akakitia mdomoni. Nilimsikia akitafuna. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu, na macho yake yakaenda mbali, nje ya mlango, mahali ambapo mimi sikuwepo. "Jeshini," akasema, "kuna wakati tulikaa siku sita..." Hakumaliza. Alifunika mkebe, akausukuma kwangu pamoja na aproni na funguo. "Hiyo pipa ya zamani ya ugali, iko wapi?" Nikamwambia iko nyuma ya banda. "Ioshe. Maharagwe italetwa kesho. Lakini kupika ni wewe, na sitaki kusikia umechoka." Nikamwambia hatanisikia.

Siku iliyofuata niliamka mapema kuliko kawaida. Nilisugua lile pipa kwa mchanga na majivu mpaka chuma kikang'aa, nikachagua maharagwe kama nilivyochagua mahindi ya mbwa, nikayatia kitunguu, nyanya na chumvi, vitu ambavyo mikono yangu ilikuwa imesahau. Parsaloi aliniletea kuni, akaonja kwa kijiko cha mti, akasema yanakosa maziwa, kama anavyosema kila Mmaasai kuhusu kila chakula. Alasiri, kabla lori halijawachukua, askari walipanga mstari na sahani, kwanza kwa aibu, wakisukumana, kisha kimya kimya. Walikaa kwenye nyasi kavu wakala. Wafula alikuwa wa mwisho. Nilimjazia sahani mpaka juu, naye akaipokea kwa mikono miwili, lakini hakukaa. Aliiweka juu ya jiwe, akaifunika kwa kofia yake ili vumbi lisiingie, akaenda bandani kwa Duma na mkebe. Akammwagia vipande vyote, mpaka punje ya mwisho, akaupiga mkebe chini kuhakikisha hakuna kilichobaki. Alichuchumaa pale akimtazama akila. Duma alipomaliza na kuanza kulamba zege, Wafula akainuka, akaenda kunawa mikono, akarudi kwenye sahani yake.